Namba Moja kwenye Simu Yangu

Kwa miezi mitatu nilikuwa namba moja Minneapolis nzima, na aliyeniambia hivyo ni simu yangu mwenyewe. Kila asubuhi, hata kabla ya chai, niliandika kwa Kiingereza kwamba natafuta mpishi wa chakula cha Kiafrika cha sherehe, nikaongeza jina la mji, nikabonyeza. Sisi hao, juu kabisa! Chapati zangu, sambusa zangu, nambari yangu. Naufungua ukurasa wa biashara yetu, naukagua vile mama anavyokagua masikio ya mtoto, kisha naenda kuoga nikijichekea.

Ukurasa huo aliutengeneza mume wangu. Yeye alikuwa mtu wa kompyuta katika ofisi moja huko Plymouth, nje kidogo ya mji. Mimi nilikuwa nikiogesha na kulisha wazee katika makao ya wazee Saint Louis Park. Nilisubiri miaka minne kupata zamu ya mchana, Jumatatu hadi Ijumaa, na siku nilipoipata wenzangu walininunia wiki nzima. Na mimi, mjinga wa mwisho, nikaiacha.

Niliiacha kwa sababu ya ile namba moja. Mwezi wa kwanza ulipoisha nilimsukumia mume wangu simu pale mezani. "Baba watoto, ona! Wazungu wote wakitafuta wanaanza na sisi. Kesho naandika barua ya kuacha kazi."

Aliitazama simu, akaitazama sahani yake. "Kama moyo wako umeamua, mama," akasema, akaendelea kula.

Kanisani nikatangaza. Watu wakatoa simu, wakaandika jina la biashara, tukatokea, wakanipigia vigelegele. Kumbe ukimtafuta mtu kwa jina lake, atakosaje kutokea? Hilo halikumjia yeyote akilini.

Basi nikakaa kungoja simu. Waliopiga ni watu wa kanisani tu: bebi shawa moja ya mama mjamzito, matanga mawili. Mzungu hata mmoja wa dawa, wapi! Siku moja nikaenda maktaba kuchapisha vipeperushi, na kwa mazoea ya vidole nikaandika maneno yangu ya kila asubuhi kwenye kompyuta yao. Hatupo. Ukurasa wa pili, hatupo. Wa tano, hatupo. Nikamwita mkutubi, nikamwambia kompyuta yake ni mbovu.

Alikuwa mama mpole, na upole wake ndio ulioniudhi. Akaniuliza huwa naufungua ukurasa wangu mara ngapi. Kila siku, nikamjibu. Akanieleza kwamba mtambo wa kutafuta hautazami maneno peke yake, humtazama na anayeuliza: yuko wapi, jana alibonyeza nini. Ukipenda kitu, mtambo unakuwekea mbele. Akafungua mtambo mwingine, ambao hauweki kumbukumbu za mtu. Huko nako hatupo. "Mitambo hii pia huangalia ni tovuti gani nyingine zinakutaja," akasema. "Nani anakutaja?"

Nani? Wueh! Miezi mitatu simu inanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi nainamisha kichwa nipakwe vizuri.

Jioni nilimsimulia mume wangu kwa hasira. Nilitaka tuitukane simu pamoja. Lakini hakushangaa. Nilimwona kwa macho yangu, hakushangaa hata kidogo.

"Ulijua?"

"Kwenye kompyuta ya kazini hatujawahi kutokea," akasema. "Nilijaribu wiki ile ya kwanza."

"Kabla ya barua yangu?"

"Ulikuwa na furaha sana, mama. Ningekuambiaje?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Simu angalau haikujua kwamba nina kazi ya kupoteza. Yeye alijua, na akaendelea kula.

Makao ya wazee walinirudisha, lakini mkiani mwa foleni: Jumamosi na Jumapili. Zamu yangu ya mchana alishaichukua mwingine, na simlaumu, aliingojea kama mimi. Kwaya ya kanisani siimbi tena. Wale wa vigelegele humuuliza mume wangu niko wapi, naye huwaambia biashara imenibana.

Mpaka leo nikipika namuuliza, "Chumvi imekolea?"

"Iko sawa kabisa, mama."

Nachukua kijiko, naonja mwenyewe.