Munada wa Farasi Wafupi

Wiki iliyopita nilishuka Nchelenge kutafuta karatasi moja tu, karatasi ya kiwanja, kwenye ofisi za baraza. Nilifikiri nitamaliza mapema. Lakini uani kulikuwa na munada. Walikuwa wanauzisha pikipiki zilizokufa na viti vilivyopungukiwa muguu, na mwanaume mumoja alisimama juu ya kasha akiita, "Nani anaongeza? Nani anaongeza?" Rafiki yangu, miguu ilikataa kutembea. Nilikaa pale ukutani mpaka karani akafunga dirisha lake akaenda kula, na karatasi sikuipata. Ile sauti ilinirudisha kuwa mutoto wa miaka kumi, nimeshika kamba, na mwisho wa kamba kuna farasi anayefika kifuani mwangu.

Ndiyo, farasi. Najua unacheka. Wabemba wanamuita kabalwe, na wengi wetu upande huu wa ziwa Mweru, upande wa Zambia, tulikuwa tunamujua kutoka Biblia tu. Lakini wakati ule, kati ya Nchelenge na Kashikishi, kulikuwa na loji ya wazungu wawili, bwana na bibi yake, na huyo bibi sisi sote tulimuita Madame. Walileta farasi wane kwa lori kutoka mashamba ya mbali, wa ile aina ambayo haikui. Farasi muzima, mwenye meno ya uzee, lakini ukimuangalia kutoka mbali unasema ni mbuzi aliyesuka nywele. Waliletwa ili watoto wa wageni wapande, wazunguke bustani, wapigwe picha.

Mama yangu ndiye aliyewachunga. Alivuka kutoka Kongo pamoja na nkambo yangu, yaani mama yake, wakati mimi nilikuwa bado mugongoni. Alianza pale kwa kufua mashuka. Siku moja farasi mumoja alifunguka akakimbilia upande wa jikoni, wanaume wakatawanyika, na mama akamushika shingo akamuongelesha kama mutoto mwenye homa. Toka siku ile hakufua shuka tena.

Majina aliwapa yeye. Mwenye rangi ya asali alikuwa Sukari. Mweusi mwenye kola nyeupe, anayetembea polepole, alikuwa Masela, maana yake sista wa misheni. Yule anayependa kutangulia wenzake alikuwa Kapitao, yaani musimamizi wa kazi. Na mudogo kuliko wote, mwenye kitambi na roho ya kupigana, mama alimuita Mukubwa.

Kazi yangu ilianza kabla ya masomo. Tulikata majani kando ya ziwa, yale mororo yanayoota pembeni mwa matete, tukayabeba kichwani maji yakichuruzika shingoni. Tulichota gaga kwenye chigayo cha jirani, ile ngozi ya mahindi inayobaki baada ya kusaga, na Mukubwa alikuwa anaisikia harufu yake toka barabarani, anaanza kulia kile kilio chake chembamba mpaka wavuvi wanaoshona nyavu wanacheka. Mama aliwainua miguu, akachongoa kwato kwa tupa. Pumzi yao ilikuwa ya joto, yenye harufu ya majani yaliyolowana. Hata leo nikipita mahali wanapofyeka baada ya mvua, nasimama kidogo.

Jirani yetu, mama mumoja anayeuzisha samaki, hakuwapenda. "Munyama hatoi maziwa, halimi, haliwi," alikuwa anasema. "Anakula tu kama mutoto wa chifu." Nkambo yangu alikuwa upande wake. Nyumba yetu ilikuwa ya nyasi, na ilikuwa inavuja pale juu ya mukeka wa nkambo, siyo mahali pengine. Kila mwezi mama aliweka kitu pembeni kwa ajili ya mabati, na nkambo aliyangojea yale mabati kama mutu anayengojea mugeni.

Kisha mume wa Madame akafa. Wageni walikuwa wamepunguka toka zamani. Ndugu za marehemu, ambao hatukuwahi kuwaona, waliandika barua kutoka kwao: kila kitu kiuzishwe, hata vijiko, na Madame arudi kwa watoto wake. Wakachagua siku bila kumuuliza mutu wa hapa. Siku yenyewe ikaangukia katikati ya mwezi wa kwanza.

Mutu wa Mweru akisikia hivyo, anaelewa. Kila mwaka ziwa linafungwa miezi mitatu ili samaki wazae. Mitumbwi inalala kifudifudi muchangani, soko la Kashikishi linabaki na nyanya na mafungu ya chumvi, na hata chisense, wale samaki wadogo tunaowala kila siku, wanakuwa hadithi. Tunakula bukari, ule ugali wa muhogo, na sombe, majani ya muhogo ule ule, kesho sombe na bukari. Hakuna mutu mwenye pesa. Kuuzisha kitu mwezi ule ni kama kukitupa.

Siku mbili kabla ya munada alikuja mwanaume mwenye lori. Alikuwa ananunua ng'ombe na mbuzi, anawapeleka kwenye mabucha ya miji ya migodi. Alikuwa mutu wa heshima, alinisalimia mimi mutoto kwa mikono miwili. Lakini aliingia zizini akapapasa mugongo wa Sukari, akamubana mbavu kwa vidole, vile wanawake wanavyobana samaki kujua kama ni wa leo. Kisha akaandika kitu mukononi mwake kwa kalamu. Mama akafunga mulango wa zizi nyuma yake. Mimi nililia njia yote mpaka nyumbani.

Asubuhi ya munada niliamka mbele ya mama. Nilikuwa na mupango. Nilichota matope ya ziwa, yale meusi yanayonuka, nikamupaka Sukari mugongo wote, nikamuchanganyia na majivu usoni, nikamuvuruga nywele. Nilitaka aonekane mugonjwa. Nilikuwa nimeanza kumupaka Masela mama alipofika. Nilingoja kofi. Hakunipiga.

"Weye mutoto, unafanya nini pale?"

"Mama, wakiwa wabaya hakuna mutu atawanunua."

Alichuchumaa tukawa macho kwa macho. "Sikiliza. Madame ameniachia hawa wanyama mukononi. Kesho mutu akiuliza walikuwa namna gani mukononi mwangu, ninataka ajibiwe: walikuwa safi. Chukua ndoo."

Tuliwaosha wote wane ziwani, tukawasugua na maganda ya mahindi, tukawachana nywele. Waling'aa kuliko siku yoyote niliyowahi kuwaona, na mimi nilikuwa nalia juu ya kila ndoo. Sikumuelewa mama kabisa. Niliona tu kwamba alikuwa amefunga vitenge viwili kiunoni badala ya kimoja, na joto lile.

Muuzishaji alitoka Mansa, na tai shingoni. Alipiga maneno yake kwa Kibemba, kisha Kizungu, kisha Kiswahili cha biashara kwa ajili ya watu wa ng'ambo. Watu walijaa, lakini walikuja kuangalia. Vitanda vilikwenda kwa bei ya mikeka. Mutumbwi wa injini mwalimu mukuu aliupata kwa bei ambayo yeye mwenyewe aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri. Friji kubwa ikanunuliwa na mwenye lori. Madame alikaa kwenye kiti cha majani, kofia imeshuka mpaka machoni, na kila kitu kilipopita mbele yake alikuwa anakiaga kwa kichwa.

Ndipo nikaitwa. Niliingia katikati ya watu na Mukubwa, mama nyuma yangu na wale watatu. Watu wakapiga kelele za furaha, watoto wakasukumana. Muuzishaji akanyamazisha.

"Kabalwe wane, wafupi, wazima! Wanauzishwa pamoja. Nani anaanza?"



"Wanalima?" mutu mumoja akauliza.

"Hapana," mama akajibu.

"Wanatoa maziwa?"

"Hapana."

"Sasa wako wa nini?"

Watu wakacheka. Muuzishaji akashusha bei, akashusha tena. Kamba ilikuwa imelowa jasho la mikono yangu. Ndipo mwenye lori akainua kidole, akataja bei. Haikufika hata ya mbuzi wawili wanono.

"Mara ya kwanza!" akaita muuzishaji. "Mara ya pili..."

"Ninaongeza."

Ilikuwa sauti ya mama. Niligeuka. Mukono wake ulikuwa juu, na ule mwingine ulikuwa unafungua kitenge cha ndani.

"Ba mayo, mama yangu," muuzishaji akasema kwa upole, "si weye uko mufanyakazi wa hapa?"

"Njo mimi. Mufanyakazi anakatazwa?"

Muuzishaji akamuangalia Madame. Madame akainua kofia kwa mara ya kwanza siku ile. "Hakatazwi," akasema.

Nilielewa pale pale ile pesa ni ya nini. Ilikuwa mabati ya nkambo. Yote yalikuwa pale kiunoni, mwezi juu ya mwezi, na mama alikuwa anayatoa mbele ya Nchelenge nzima kwa ajili ya wanyama wasiolima. Jirani yetu alishika kichwa. "Mayo! Amepata wazimu!"

Mwenye lori akaongeza. Mama akaongeza. Mwenye lori akaongeza tena, na mama alikaa kidogo, midomo yake ikihesabu, kisha akaongeza. Sauti yake ilikuwa imepunguka. Nilimujua mama yangu. Ile ilikuwa ya mwisho.

Mwenye lori akatoka kati ya watu. Alikuja mpaka kwangu, akainama, akamushika Mukubwa kwenye paja ili apime mara ya mwisho. Mukubwa akageuza shingo, akamuuma mukono wa koti, akavuta. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Yule mwanaume akajinasua, akautazama mukono wa koti, akamutazama Mukubwa, kisha akanitazama mimi. Sijui aliona nini usoni mwangu.

"Hii hata nyama haina," akasema. "Iko tumbo na hasira tu. Mupeni mama watoto wake."

"Mara ya tatu!" Muuzishaji akapiga meza.

Siwezi kukuambia vizuri kilichotoka kifuani mwangu saa ile. Nilikuwa nimebana pumzi toka siku ya mukono wa yule mutu juu ya mugongo wa Sukari, na sikujua kama nilikuwa nimeibana. Nilikaa chini majanini, hapo hapo, na Mukubwa akaanza kunitafuna nywele. Mama alikuwa anacheka na machozi yanashuka. Madame akaja akitembea na fimbo yake, akamushika mama mikono miwili. Kiswahili chake kilikuwa cha kuvunjika siku zote, lakini hili alilisema vizuri: "Leo nitalala."

Bado kulikuwa na nkambo. Tulitembea kwenda nyumbani na farasi wane, watoto wa mutaa muzima nyuma yetu, na kadiri tulivyokaribia mama alipunguza mwendo. Nkambo alikuwa mulangoni anachambua sombe. Aliwaangalia wale wanyama mumoja mumoja. Aliangalia kiuno cha mama, kitenge kimelegea. 

"Wote wane?" akauliza.

"Wote wane, mama."

Nkambo akaweka sombe chini. Kisha akasogeza kinu na kuni zilizokuwa chini ya kibanda cha jikoni. "Bon, haya," akasema. "Huyu mudogo alale huku. Mvua inakuja, atapata baridi."

Mvua ilikuja kweli. Mwaka ule tulilala na sufuria tatu ndani ya nyumba, na nkambo alinung'unika kila tone, lakini kila asubuhi nilimukuta ameshawapa farasi maganda ya muhogo. Mwezi wa tatu ziwa likafunguliwa. Seremala akatutengenezea kigari cha magurudumu ya baiskeli, na Kapitao na Masela wakaanza kuvuta samaki kutoka muchangani mpaka barabara kubwa, kazi iliyokuwa inavunja shingo za wanawake. Wa kwanza kuja kuomba apakiziwe mabeseni yake alikuwa jirani. Aliomba huku anaangalia pembeni. Mabati tulipata, mwaka wa pili siyo wa kwanza, na nkambo alilala chini yake miaka yake ya mwisho, mukavu.

Leo hakuna kitu pale. Loji imekuwa ghala, na bustani wamejenga maduka. Samaki wanabebwa na pikipiki. Masela alitangulia kufa, kisha Kapitao, kisha Sukari akiwa amepofuka. Mukubwa alibaki peke yake miaka mitatu, anamufuata mama mpaka kanisani, anamungoja nje. Tulimuzika kando ya matete, na sasa maji yamepanda, hata pale sipaoni tena. Jirani amekufa. Madame alituandikia mara mbili, kisha kimya.

Mama anaishi Kafutuma sasa, analima muhogo, magoti yanamuuma. Watoto wangu wakienda kwake wanamuambia kwamba mimi ninadanganya, kwamba farasi wa namna ile hayuko duniani. Mara ya mwisho nilikuwepo. Mama hakubishana nao. Aliweka jembe chini, akanyoosha mukono wazi hewani, usawa wa kifua cha binti yangu, akauacha pale kidogo, vidole vinakwenda kama vinachana nywele.

"Alikuwa anafika hapa," akasema.