Boriti Kumi za Paa la Shangazi

Baba yangu alikuwa bingwa wa kusema mwezi ujao. Dada yake mkubwa alikuwa akiishi peke yake katika chumba cha chini cha ngome iliyobomoka, karibu na Al Qabil kule Oman, wenzake wote wameshahamia nyumba za saruji. Humo ndimo walimozaliwa wote wawili. Baba alipelekwa Unguja akiwa mdogo, dada akabaki. Tuliporudi Oman tukakaa Maskati, shangazi aliomba kitu kimoja tu: ndugu yake aende akamtengenezee paa, linavuja. Kila Idi baba humpigia simu kwa jirani, akamwambia mwezi ujao, inshallah. Miaka minne hiyo! Mie nilikuwa nanuna tu, sisemi kitu, na hilo sijajisamehe mpaka leo.

Mwaka mmoja, katikati ya miaka ya tisini, tulikwenda Sur, mji wa pwani, harusini, tukakaa wiki nzima, na mvua zikanyesha kweli kweli. Siku ya kuondoka baba akatoka asubuhi, akarudi na boriti kumi nyuma ya pikapu, za mikoko khasa, kama za nyumba yetu ya Unguja. Alifurahi mpaka akaniudhi. Njia nzima ya kwenda Al Qabil ananihadithia vile dada yake alivyokuwa akimbeba mgongoni kwenda kisimani.

Ngome ilisikitisha. Mnara mmoja umekatika nusu, kuta zimeliwa na chumvi, mbuzi wanaingia na kutoka langoni. Alitupokea binamu yake baba, mzee wa nyumba ya jirani. Nilimwona anaziangalia zile boriti, kisha akatazama chini. Baba akamuuliza habari, naye akajibu wajibuvyo watu wa kule hata kama nyumba inaungua: hakuna habari, salama. Na dada yangu? Alhamdulillahi. Tukaletewa tende, halua na kahawa. Baba akanywa finjani tatu, huku anaeleza atakavyozipanga boriti, ipi kati, ipi pembeni. Mzee hakunywa hata moja.

Baba akatikisa finjani kuonesha ametosheka, akasimama, akataka aitiwe vijana wawili wazishushe. Hapo mzee akamshika mkono, akamwambia akae. Paa lilianguka kwa mvua, alfajiri ya Jumanne, na dada yake yumo ndani anasali. Walimzika siku ile ile. Walitupigia simu Maskati siku tatu, hakuna aliyepokea.

"Umeniacha nikanywa kahawa," baba alimwambia.

Mzee akasema mgeni hapewi habari kama ile kabla hajaonja kitu. Baba akapandisha sauti. Akauliza wao ni majirani gani, mtu mzima analala chini ya paa bovu nao wanatazama tu. Mzee akajizuia, akajizuia, mwisho ikamshinda.

"Tulikwenda mara mbili, na miti yetu. Akatufukuza. Alisema paa lisiguswe, ndugu yake analeta boriti mwezi ujao."

Baba akainuka. Alikwenda kwenye pikapu, akaanza kuzishusha mwenyewe, moja moja, anazibeba mpaka ndani ya kile chumba kisicho paa. Vijana walitaka kumsaidia, nikawazuia. Alipoiweka ya kumi alikaa juu yake, nguo yote udongo, akaniuliza kama naona zitatosha.

Nikamwambia zinatosha, baba.