Mama Mkwe Ananyonyesha Mwanangu Titi Lisilo na Maziwa

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana mashemeji zangu wote wako kwenye page hii. Nina miaka ishirini na tatu, naishi Lindi, Kibera, na mtoto wangu wa kwanza ana wiki sita. Naandika haya nikiwa na kichefuchefu, na si mimba nyingine.

Kwetu ni Kawangware, wazazi wangu wana ploti za kupangisha. Nilipoolewa na Mjaluo wa kazi ya mjengo, baba aliniambia nisikanyage tena kwake, na mama akafuata neno lake. Kwa hivyo nilipojifungua kwa upasuaji sikuwa na mtu. Aliyekuja ni mama mkwe, kutoka ushago, kijijini kwao, na kuku na unga wa wimbi. Alinipikia uji, akafua nepi, akaniogeshea mtoto. Mtoto akilia tu, anambeba anaingia naye upande wa pili wa pazia linalogawa chumba chetu. "Wewe lala, Nyar Kikuyu," ananiambia, yaani binti wa Kikuyu. "Kidonda haijapona." Mara kimya. Nikawa najisifu kwa majirani kwamba mama mkwe wangu ni dhahabu. Mjinga mimi!

Lakini mtoto hakuwa anaongezeka. Matiti yangu yalijaa yakawa magumu, yakauma mpaka nikashikwa na homa, kisha yakalegea na maziwa yakaanza kupungua. Kliniki, nesi alimweka kwenye mizani akaniangalia vibaya. "Mama, huyu ananyonya kweli?" Nikamjibu ananyonya kidogo, mara nyingi analala. Akanieleza kwamba mtoto mchanga ananyonyeshwa kila anapotaka, na titi lisiponyonywa maziwa yanakata. Nilirudi nyumbani nikilia, nikidhani mwili wangu ndio una kasoro.

Juzi juzi nilienda kuoga bafu la nje nikasahau sabuni. Niliporudi na kuvuta pazia, nilimkuta mama mkwe kitandani, blauzi wazi, mwanangu ananyonya titi lake. Bibi kizee mwenye wajukuu kumi na kitu! Titi halina hata tone. Na ingekuwa hilo tu ningenyamaza. Mtoto aliliachia akaanza kulia, na yule mama akatia kidole mdomoni mwake, kidole kile kile anachoshindilia ugoro kwenye fizi, akalilowesha titi kwa mate akamrudishia. Mate yenyewe ya kahawia. Nilitapika pale pale penye pazia.

Nilimnyang'anya mtoto. "Mchafu wewe! Unalisha mtoto wangu ugoro?" Hakushtuka hata kidogo. Alifunga vifungo vyake polepole. "Unapiga kelele ya nini? Hii titi ndio ililea bwana yako. Mtoto akilia, mdomo yake inataka kitu tu. Si lazima maziwa." Hapo ndipo nilipoelewa. Kila mwanangu alipolia kwa njaa alipewa titi tupu, akanyonya hewa mpaka akachoka akalala. Nami nimelala pembeni nashukuru Mungu.

Nilimweleza mume wangu nikidhani atakasirika. Alicheka! "Babe, mathe ametulea hivyo sisi wote. Si tuko poa?" Alipojua nimemwita mama yake mchafu, kicheko kikaisha. "Hapo umekosea. Mathe hatusiwi kwa nyumba yangu." Tangu siku hiyo, hata akinigusa bega nasikia vibaya.

Sasa mama mkwe amekasirika akahamia kwa dada yake Kisumu Ndogo, hapa hapa Kibera, anawaambia watu wa kanisa kwamba Mkikuyu amemfukuza. Mume wangu anasema Jumamosi anamrudisha, na wajomba zake watakuwepo. Niombe msamaha mbele yao, kisha nimpe mtoto kwa mikono yangu mwenyewe, ionekane namwamini. Nikikataa, nirudi kwetu. Nilimpigia mama simu. "Si ulijichagulia?" akasema, akakata.

Tangu mama mkwe aondoke namweka mtoto kwenye titi kila mara, hata kama kidonda kinauma, na maziwa yameanza kurudi. Leo asubuhi nimemsikia akimeza. Nimelia tena, ila kilio kingine.

Wale mtakaoniambia ni mila niiheshimu, sawa, lakini hiyo mila ina maziwa? Msamaha nitaomba, hata magoti nitapiga, maana yule mama alinisaidia na siwezi kusema uongo. Lakini nitamshikishaje mwanangu tena, nikijua nikienda hata chooni blauzi inafunguliwa? Jumamosi ni keshokutwa. Niambieni ukweli wenu: nimpe mtoto, au nimbebe niondoke? Na kama ni kuondoka, nibishe mlango wa nani?