Mapunye Kwenye Pua ya Simbilisi

Mke wangu alipopata kazi ya kutunza wazee ng'ambo, aliniachia nyumba yetu ya Yamumbi, bustani ya sukuma wiki nyuma yake, na simbilisi wawili. Majirani huwaita ginipigi. Wapita njia huwadhania panya waliokosa mikia. Alikuwa amewanunua kwenye maonyesho ya kilimo, majike wawili, mmoja mweusi na mwingine wa rangi ya chai ya maziwa, akawawekea kibanda cha mbao na waya kando ya ukuta wa jikoni. Mimi sikuwahi hata kuwashika. Nilitoka asubuhi kwenda mjini, ambako nauza vifaa vya umeme, na jioni nikirudi nilikuta wameshakula.

Alipoondoka, kazi ya kuwalisha ikawa yangu. Waliposikia mlango wa jikoni ukifunguka walipiga miluzi, kisha wakaniona ni mimi, wakanyamaza.

Mwanzoni tulipigiana simu ya video kila jioni. Aliniuliza kama nimekula, nikasema nimekula. Nikamuuliza kama kuna baridi, akasema ipo. Baada ya hapo tulitazamana tu kwenye simu kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki. Hatukuwa na ugomvi. Siku yangu ilikuwa ya balbu na soketi, na yake ilikuwa ya vitanda vya watu nisiowajua. Kijana wetu wa pekee yuko chuoni Mombasa, na habari zake zilikuwa zikiisha upesi. Simu ikawa ya Jumapili peke yake. Siku nyingine za wiki nilifunga duka, nikanunua mkate, nikala nimesimama jikoni, kwa sababu kuandaa meza ya mtu mmoja kulinichosha kuliko njaa yenyewe.

Mwezi wa saba mvua ilinyesha bila kupumzika, na maranda tuliyoyatandaza kibandani hayakuwa yakikauka. Asubuhi moja nilimwona yule wa rangi ya chai amepoteza manyoya juu ya pua. Nilidhani amejisugua kwenye waya. Lakini siku zilivyosonga, upara ukapanda hadi kuzunguka jicho, mviringo kabisa, ngozi ikiwa na magamba ya kijivu kama majivu yaliyoganda. Hapo nikaukumbuka ugonjwa huo. Kule kijiji cha Ziwa, nilikokulia, ndama wa baba walikuwa wakiupata usoni na shingoni, na tuliuita mapunye, jina lile lile la mabaka ya vichwani mwetu shuleni.

Mama wa nyumba ya jirani alinishauri nimpake oili chafu ya gari, kama tulivyokuwa tukiwapaka ndama. Ningeweza kufanya hivyo. Lakini mnyama hakuwa wangu, kwa hiyo nilimpiga picha nikamtumia mke wangu. Haikuwa Jumapili, ila alipiga simu mara moja.

"Usimpake kitu," aliniambia. "Mgeuze kwenye mwanga nimwone vizuri."

Ndivyo nilivyomshika kwa mara ya kwanza. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyofikiria, na moyo wake ulinidunda kiganjani mbio kama mashine ndogo. Nilimshikilia kifuani huku nikilenga simu kwa mkono mwingine. Tulizungumza muda mrefu siku hiyo, na maneno yote yalikuwa ya pua na jicho.

Kesho yake nilipitia duka la dawa za mifugo. Muuzaji aliniuliza kama anajikuna, kwa sababu akiwa na utitiri atajikuna mpaka damu itoke, na dawa yake ni nyingine. Sikujua. Sikuwa nimewahi kumtazama kiasi hicho. Basi Jumapili baada ya kanisa nilikaa kwenye kigoda mbele ya kibanda mchana kutwa, nikingoja simbilisi ajikune. Alikula, akalala, akanawa uso kwa miguu ya mbele. Hakujikuna ila mara moja moja, kama mnyama yeyote. Nilipiga simu kutoa ripoti. Mke wangu alicheka, na nikatambua nilikuwa nimesahau jinsi anavyocheka.

Daktari wa mifugo alikuja alipopata nafasi, kwa kuwa siku zake nyingi huwa ni za ng'ombe. Alichomoa nywele chache pembezoni mwa upara kwa kupeleka maabara, lakini akasema kwa kumwangalia tu angeweza kukisia ni fangasi. Ndama wengi hupona wenyewe, alisema, na watu huisifu oili. Simbilisi angeilamba imdhuru. Aliniandikia krimu ya fangasi, akanifundisha kuipaka hadi nje kidogo ya mviringo, nikiwa nimevaa glavu, na nisiache hata manyoya yakianza kuota. Maranda yote yachomwe, kibanda kioshwe kwa maji ya klorini na kianikwe jua likipatikana. Niwape pilipili hoho, kwa kuwa miili yao haijitengenezei vitamini C iliyomo. Yule mweusi niwe namkagua pia, maana huenda ameshaambukizwa ila bado haonyeshi. Na niwatenganishe.

Niliweka waya katikati ya kibanda. Wakawa wanalala wameuegemea, mmoja huku na mwingine kule.

Kwa majuma kadhaa maisha yangu yakawa na ratiba. Asubuhi krimu, jioni krimu, kisha picha, kisha simu. Mke wangu alitaka kuona ukingo wa kidonda, kama unapanuka au umesimama. Alikuwa akipiga hata kabla sijavua viatu. Nilianza kufunga duka mapema kidogo, na nilipoulizwa na jirani yangu wa dukani nilisema nina mgonjwa nyumbani. Aliniambia pole, nikaipokea.

Jioni moja nilikuwa nimeinua simu kumwonyesha magamba yaliyoanza kubanduka. Akasema, "Mzee, huo mkono umefanya nini?"

Nilitazama. Upande wa ndani wa kifundo cha mkono wangu kulikuwa na duara jekundu, limeinuka kandokando. Ilikuwa imepita wiki nzima likiniwasha, nami nilikuwa nikilikuna bila kulitazama. Nilikuwa nimehudumia wateja, nimesalimiana na watu kanisani, nimepokea chenji sokoni. Hakuna aliyeliona. Aliyeliona alikuwa ng'ambo.

"Ni mapunye," nilimwambia.

"Ulimshika bila glavu."

"Siku ile ya kwanza. Na nyingine kidogo."

Hakunigombeza. Aliniambia niende kwenye duka la dawa za watu, nisijipake ile ya mnyama, na tangu siku hiyo alitaka picha mbili.

Mkono ulipona kwanza. Kwenye pua ya simbilisi yalitokea manyoya mafupi, meupe zaidi kuliko ya zamani, nami nikaendelea kupaka kama nilivyoagizwa. Daktari aliporidhika niliondoa waya. Yule mweusi alimfukuza mwenzake kibanda kizima, wakagombania chakula, na ikanibidi niwachunge siku kadhaa kabla hawajazoeana tena.

Nilipompa mke wangu habari kwamba mapunye yameisha, alishukuru Mungu. Nilisikia gari likipita huko kwake.

"Sasa tutakuwa tunaongea nini?" aliuliza, na hakuwa akitania.

Nilimwomba aniambie habari za wazee wake, kitu ambacho sikuwahi kumwuliza. Akanisimulia habari za bibi mmoja anayemwogesha kila asubuhi, ambaye humwita kwa jina la binti yake aliyekufa. Zamani mke wangu alikuwa akimrekebisha. Siku hizi huitika.

Niliuliza huwa anaitikaje. Alilitamka neno kwa lugha ya watu wale, taratibu, nami nikajaribu kulisema, nikakosea, akanitamkia tena.

Mkataba wake bado una muda. Kuna wiki simu zetu hurudi kuwa fupi, hasa akiwa na zamu mbili, na mimi hula nimesimama.