Kwa Mtoro, Kuuliza Alichosema Mama

Nilikwenda Kwa Mtoro kwa sababu mama alikufa akizungumza na mimi, nami sikumwelewa.

Kiharusi kilimpata nyumbani kwetu Chang'ombe, hapa Dodoma mjini. Alipozinduka, Kiswahili kilikuwa kimemtoka chote. Alisema maneno yaliyojaa sauti za kugonga ulimi kwenye kaakaa, na mimi na dada yangu Mariamu tukaamini kwamba ugonjwa umemharibu kinywa. Asubuhi Mariamu alimwogesha, akamlisha, kisha akaenda kufungua duka. Mchana nilikaa naye mimi, nikitengeneza cherehani za wateja pembeni ya kitanda. Nilimrekodi kwenye simu mara tatu ili daktari asikie.

Siku ya tisa jirani yetu, muuguzi mstaafu, alikuja kumjulia hali. Alisimama mlangoni akasikiliza.

"Ulimi wake mzima," akasema. "Mama yenu anaongea Kisandawe. Kwani hamkujua?"

Hatukujua. Tulikua tukiambiwa kwamba mama ni Mrangi kama baba. Siku mbili baadaye tulimzika.

Yule muuguzi aliwahi kufanya kazi Kwa Mtoro, kwa Wasandawe, ingawa hakujifunza lugha yao, akapiga simu kuulizia. Jibu lilikuja baada ya wiki: yuko mama mmoja huko, Agnesi, ambaye dada yake aliondoka akiwa msichana na fundi cherehani, kazi ya baba yetu, akaenda moja kwa moja.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda basi la Kondoa. Ilikuwa kiangazi, mashamba yamebaki mabua matupu, na upepo ulikuwa unasukuma vumbi jekundu barabarani. Nilishuka Chemba. Hapo nilisubiri hadi saa tano, nikapata gari dogo la mizigo linalokwenda magharibi. Lami iliishia pale pale. Mbele yetu kulikuwa na vichaka vya kijivu visivyo na jani, na mara moja moja mzinga wa nyuki uliolazwa juu ya mti. Dereva aliniuliza ninakwenda kwa nani. Nikasema, "Kwa ndugu zangu," nikaona aibu, maana sikujua hata jina la ukoo.

Saa tisa alasiri nilifika. Mama Agnesi alikuwa anapeta uwele mbele ya nyumba yake ya tembe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuacha kupeta. "Wewe ndiye mtoto wa Magdalena."

"Mama yangu aliitwa Zainabu."

"Huko kwenu. Hapa alibatizwa Magdalena." Aliweka ungo chini, akanitazama usoni kwa muda mrefu. "Paji ni lake."

Alinipa maji, kisha ugali wa uwele na mlenda. Nilipokuwa ninakula alinieleza bila kupandisha sauti. Shuleni watoto wa makabila mengine walikuwa wakiwaigiza yeye na dada yake wanavyoongea, wakiwagongea ndimi na kuwaita watu wa porini. Magdalena alirudi nyumbani akaapa kwamba akipata watoto, hawatachekwa. Alipoolewa, alijiita Mrangi, na hakutuma hata salamu. "Mama yetu alimngoja mpaka akafa," akasema. "Mimi niliacha kumngoja zamani."

Nilimwomba asikilize sauti nilizorekodi. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo makubwa: wosia, jina la babu, pengine kuomba arudishwe kwao. Nikabonyeza.

Mama Agnesi aliinamia simu. Sauti ya kwanza ilipokwisha, akashika mdomo.

"Anasema nini, mama?"

"Anasema, dada yangu, nigeuze. Ubavu huu unaniuma."

Nikabonyeza ya pili.

"Hayo hayo. Nigeuze."

Ya tatu alinirudishia simu kabla haijaisha. "Anasema, unanitazama tu."

Nilishindwa kunyanyua kichwa. Mariamu alikuwa amekuta kidonda kwenye ubavu ule, tukadhani kimetokana na joto. Mimi nilikuwa karibu kiasi cha kunyoosha mkono. Nilikuwa nimeshika simu.

"Miaka yote hiyo hakuniita," Mama Agnesi akasema, na sasa alikuwa analia. "Akaja kuniita mahali ambapo sisikii."

Jioni alinipeleka kwenye kaburi la bibi, nyuma ya zizi. Ni rundo la mawe, na ng'ombe wamelitawanya upande mmoja. Aliongea na yale mawe kwa lugha yao, maneno machache. Niliuliza amesema nini.

"Nimemwambia umekuja. Na kwamba Magdalena hatakuja."

Tuliyapanga mawe upya.

Asubuhi ya pili, kabla gari halijapita, nilimwomba anifundishe kusema "nigeuze". Nilijaribu mara nyingi. Ulimi wangu uligonga mahali pasipo pake.

"Hivyo unaita punda," akasema, akacheka kidogo. "Walete wanao. Wadogo watashika upesi." Akaniambia na jina la ukoo, nikaliandika.

Nilifika Chang'ombe jua likizama. Mariamu alikuwa anaosha vyombo uani. Njia nzima nilikuwa nimetunga uongo wa kumwambia: kwamba mama alitubariki, kwamba alituaga. Aliponiuliza nilimwambia ukweli.

Alikaa na sufuria mkononi, povu likimchuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Nilimwona akikunja uso," akasema. "Nikampa uji."

Kisha akasema, "Bora usingeniambia," akaingia ndani.

Sasa ninajua mimi ni mtoto wa nani na wa watu gani, na nitarudi Kwa Mtoro na wanangu mvua ikianza. Lakini ninaowaambia habari hii hudhani nilipata faraja huko. Nilipata neno moja la lugha ya mama yangu. Nimelifanyia mazoezi mpaka ninalitamka sawasawa, na aliyehitaji nilielewe hayupo.