Jina la Tovuti la Akina Mama wa Asali

Barua ya wakili iliniletea uchovu kabla sijaimaliza. Ilimtaka mjomba wangu aachie jina la tovuti ndani ya siku kumi na nne, la sivyo kikundi cha akina mama wanaouza asali Kashaulili kingemshtaki. Jina lilikuwa la kikundi chao, neno kwa neno. Mimi ndiye niliyemsajilia mjomba, mwaka uliotangulia, kwenye duka langu la steshenari hapa Makanyagio.

Alikuja na bodaboda mchana ule ule. Nikamsomea. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akanieleza kwa upole kwamba hakuna aliyeibiwa. Porini, mti usio na alama ni wa anayetangulia kutundika mzinga.

"Hawakuwa na mzinga pale," alisema. "Wangekuwa nao ningepita. Na wewe mwenyewe uliangalia ukaniambia liko wazi."

Kweli nilimwambia.

Nilikuwa nimemuuliza mwanasheria mmoja niliyesoma naye, nikaandika majibu kwenye daftari. Nikamfafanulia mjomba moja baada ya jingine. Anayesajili majina ya tovuti hamtafuti mwenye jina sokoni. Anaangalia tu kama limeshachukuliwa. Kutangulia hakumpi mtu haki juu ya alama ya biashara ya mwenzake, na alama ya akina mama ilisajiliwa zamani, imebandikwa kwenye kila chupa. Wanaoamua migogoro hii huangalia kama jina linafanana kiasi cha kumchanganya mnunuzi, kama aliyelichukua ana haki yoyote nalo, na alilichukua kwa nia gani. Akishindwa hunyang'anywa jina. Mahakamani anaweza kuamriwa kulipa fidia juu yake, na aliyemtengenezea tovuti huku akijua anaweza kuunganishwa naye.

"Kumbe hata wewe," alisema, kama aliyepata nafuu kidogo.

Nilichoshikilia ni ile nia. Nilishaanza kuandika jibu: mjomba ni mfugaji wa nyuki wa miaka mingi, hakujua sheria, hakumdanganya mtu. Huwa naandikia redio habari, na sijazoea kuacha swali. Nikamuuliza kama kuna mteja aliyewahi kumpigia akidhani ndiye wao. Nilitarajia hapana, niiandike, tufunge.

Alijibu huku akitazama barabarani.

"Mmoja, wa hoteli. Akauliza, nyie ndio wale akina mama? Nikamwambia ndiyo. Mwenyekiti kaenda msibani, mimi ni mumewe."

Hoteli ile ilinunua asali yake mpaka wiki hiyo. Nikafuta nilichoandika, aya kwa aya. Nilijisikia mzito kama mtu aliyeshinda shambani, na sikuwa nimeinuka kwenye kiti.

Kesho yake tulikwenda Kashaulili na barua fupi ya kuachia jina. Mjomba alisimulia mwenyewe habari ya hoteli, sikumlazimisha. Akina mama wanne walikuwa wakikamua masega. Mwenyekiti aliisoma barua, akaifuta tone la asali kwa kidole, akamtazama mjomba.

"Basi mume wangu, karibu nyumbani. Mahari umepeleka wapi?"

Wenzake walicheka. Mjomba hakucheka. Akaomba msamaha, akimwita mama, ingawa kwa umri mwenyekiti angeweza kuwa binti yake.

Mwenyekiti alisema hawatamshtaki, hawana nguvu ya kwenda na kurudi mahakamani. Walitaka jina lirudi, na walitaka jambo moja zaidi.

"Hoteli utaipigia wewe, baba. Hapa hapa, tukisikia."

Nikamtafutia namba, nikaweka sauti juu. Alijitaja jina lake kamili, akasema anafuga nyuki, asali waliyokuwa wakila ni yake, wala si ya kikundi. Dada upande wa pili akamwomba arudie jina. Akarudia.

"Samahani mzee," dada akasema, "huyo hatumjui. Sisi asali tunauziwa na mume wa mwenyekiti."