Ushahidi wa Muheme

Mwaka wangu wa mwisho chuoni Dodoma nilikuwa na ugonjwa mmoja: kila nilipopata nafasi nilikimbilia kafe ya intaneti kutafuta video za zamani za kuchekesha. Nchi ilikuwa imefungua milango, redio za watu binafsi, mitumba, simu za mkononi, kila mtu akitazama mbele. Mimi nilitazama nyuma. Nilimwona mzungu akifundisha kuchemsha yai kwa ukali wa kijeshi. Niliona bendi ya wanaume wenye suruali pana chini, wote hatua kulia, hatua kushoto, hakuna anayetabasamu, na gitaa la solo tamu hadi nikasahau kucheka. Nilikwenda kuwacheka watu wale, nikaishia kuwaheshimu.

Siku moja ikajitokeza filamu ya maonyesho ya kilimo. Maelezo yake yalisema tu kwamba ni wanawake wa Afrika wakicheza. Afrika ipi? Mimi nilizitambua zile ngoma nyembamba kiunoni, muheme, ambazo wanawake wa Kigogo huzibana katikati ya mapaja na kuzipiga huku wakicheza. Nilivitambua na vilima vya nyuma. Ni kwetu, Mpwapwa.

Nikamkumbuka shangazi yangu, muuza vitenge. Sisi ni Waislamu wa mjini, wajukuu wa wachuuzi waliokuja na misafara wakabaki. Harusi zetu ni kaswida na dufu. Lakini shangazi alidai kwamba usichanani alikuwa akitoroka nyumbani kujifunza muheme kwa majirani, hata akaipiga mbele ya wageni wa serikali. Sasa binti yake alikuwa anaolewa na Mgogo wa Kibakwe, na shangazi alitaka kuipiga siku ya harusi. Binti alikataa katakata.

"Mama, wale wamezaliwa nayo. Utatuaibisha kwa wakwe."

Sikumtetea. Chuo kilikuwa kimenifundisha kudai ushahidi, na shangazi alikuwa na maneno matupu.

Nikaomba filamu ile iwekwe kwenye sidii, nikapanda basi kwenda nyumbani. Sebuleni tulikuwa watatu, shangazi, binti yake na mimi. Kabla ya kuwasha nikauliza, "Shangazi, siku ile mlipowapigia wageni muheme, kulitokea nini?"

"Unanihoji kama polisi?"

"Nauliza tu."

"Ngoma ilinichomoka. Nilikuwa wa mwisho, pembeni. Mwenzangu akaizuia kwa mguu, nikaiokota, tukaendelea. Na bwana mkubwa mmoja wa kaptura alikuwa anarukaruka kama amekanyaga siafu."

"Msanii wetu huyo," binti akasema, akiangalia kucha zake.

Nikawasha. Bwana mkubwa wa kaptura akatokea, anaruka, kofia inamdondoka, na binti akacheka hadi akashika mbavu. Kisha akaingia mama wa makamo mwenye filimbi mdomoni, kiongozi wao. Shangazi akainamisha kichwa mbele ya televisheni.

"Shikamoo, mama," akasema polepole.

Hakuna aliyecheka. Baadaye alitueleza kwamba mwalimu wake huyo alifariki zamani, na kwamba hakuwa amefikiria, ulimi ulimtangulia.

Pembeni, msichana mwembamba akaruka, na ngoma ikamchomoka. Mguu wa jirani yake ukaizuia. Yule msichana akainama, akaibana, akaudaka mdundo bila hata kuangalia chini, na uso wake ukabaki mkavu kabisa, kana kwamba kuanguka kule kulikuwa sehemu ya wimbo. Nimesoma wanafalsafa wengi wanaohimiza utulivu. Sijawahi kuuona kama nilivyouona pale.

Binti akasema, "Lakini mama, uliangusha kweli."

"Niliangusha. Kuna aliyeacha kupiga?"

"Rudisha nyuma," binti akaniambia.

Nikarudisha. Akasogea karibu na televisheni, akaitazama mikono ya mama yake jinsi ilivyoshuka kwenye ngozi, mmoja mzito, mmoja mwepesi. Akaniomba tena. Nikarudisha tena.

"Kesho nampigia simu mama mkwe," akasema mwishowe. "Tukaazime ngoma kwao. Na mama, utavaa nilichokuchagulia, si lile gauni lako la kijani."

Shangazi hakumtazama. Macho yake yalikuwa bado kwa yule msichana.

"Mwambie anitafutie nyepesi," akasema. "Magoti si yale."